Usikubali kuambiwa "ni uzee tu"

Shikamooni wakubwa zangu, na wanangu hamjambo. Barua za mwezi huu nimezisoma zote mara mbili mbili na karibu kila moja ina maneno yaleyale, mzee kaenda kutibiwa au kaongea na jirani akaambiwa "ni uzee tu". Mi nimekua nesi miaka 34 kabla sijastaafu na sasa nina 68, kwaiyo naongea kama mtu aliyehudumia wazee na kama mzee mwenyewe, hayo maneno sio jibu. Uzee upo jamani, nywele zinakua nyeupe, ngozi inalegea, usingizi unakua mwepesi, mtu anachoka mapema kuliko zamani, hayo ni ya uzee. Kuumwa ni kitu kingine, kuumwa kuna sababu na sababu inatafutwa. Nimechagua barua sita, zilizobaki ntazijibu mwezi ujao panapo majaliwa.

MAMA HANYANYUKI TENA

Shikamoo Shangazi. Mama yangu ana miaka 71 yupo Muheza, mimi nipo Mbagala. Magoti yalimuanza kama miaka mitatu iliyopita. Tukakubaliana na ndugu zangu asifanye kazi yoyote, tumemuwekea binti wa kazi, anapikiwa, anafuliwa, anachotewa hadi maji ya kuoga. Lakini badala ya kupata nafuu ndo anazidi, saivi hata kunyanyuka kwenye kiti mpaka ashikwe mkono. Alipotibiwa wamesema ni uzee tu, wanampa diklofenaki za maumivu. Nifanyeje? Binti wa Mbagala.

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumjali mama. Ila hapo kwenye kumkalisha ndo mmemuumiza bila kujua, na sikulaumu manake wote tumelelewa ivo, mzazi akizeeka anapumzishwa, watu wakimuona bibi kashika fagio wanasema watoto wake wamemtupa. Sasa sikia. Goti linashikiliwa na misuli ya paja, ile nyama ya mbele hapa juu ya goti, mtu akikaa kutwa nzima ile nyama inapungua, ikipungua goti linabaki halina wa kulishika, linauma zaidi, kwa sababu linauma anazidi kukaa, na akikaa nyama inazidi kwisha. Hapo ndo alipo mama yako. Na kwa mzee inaisha haraka kuliko mnavyodhani, kuna utafiti ulifanyika Marekani ukatoka mwaka 2007, wazee wazima kabisa wasio na ugonjwa walilazwa kitandani siku 10 tu wakapoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Siku 10. Mama yako ana miaka mitatu anachotewa maji.

Kwaiyo cha kwanza mrudishieni kazi zake. Sisemi abebe ndoo au atwange, nasema achague mchele mwenyewe, apepete, amwagilie mchicha wake, aende dukani kwa jirani kununua chumvi hata akitumia nusu saa kwenda na kurudi. Huyo binti wa kazi awe wa kumsindikiza, asiwe wa kumfanyia.

Cha pili ni zoezi la kiti. Chukua kiti kigumu cha mbao, sio sofa, kiegemeze ukutani kisiteleze. Akae mbele kidogo ya kiti, nyayo zote chini, miguu aivute nyuma kidogo, mikono aikunje kifuani, ainame mbele mpaka pua iwe juu ya magoti ndo anyanyuke, alafu akae tena polepole bila kujibwaga, hapo kwenye kukaa polepole ndo paja linafanya kazi kweli. Akishindwa aanze kwa kushika mikono ya kiti, au mkunjieni blanketi akalie juu ili asinyanyuke kutoka chini sana. Mara 5 asubuhi na mara 5 jioni, wiki inayofuata ziwe 8, alafu 10. Magoti yatalalamika mwanzoni, maumivu yanayotulia ndani ya siku moja hayana shida, ila goti likivimba au likiwa la moto aache kwanza aonwe na daktari. Nina jirani yangu wa miaka 73 nilimsimamia mwenyewe, siku ya kwanza alinyanyuka mara mbili tu tena kwa kushika nondo za dirisha, akakaa akalia. Wiki ya sita alikua ananyanyuka mara 12 na alienda msibani Bagamoyo akapanda daladala mwenyewe akarudi mwenyewe.

Fimbo nayo wengi wanaishika upande mbaya. Goti la kulia ndo linauma zaidi? Fimbo ishikwe mkono wa kushoto, na itangulie pamoja na mguu unaouma. Urefu wake mpime akiwa amevaa viatu, asimame wima mikono ikining'inia, kichwa cha fimbo kifike pale kiganja kinapokunjikia. Zile fimbo ndefu za kurithi kwa babu zinampandisha mtu bega mpaka shingo inauma. Na kama choo chenu ni cha kuchuchumaa nunueni kiti cha plastiki mtoboe katikati, mafundi wa mtaani wanafanya kwa bei ndogo, alafu ukutani pigeni bomba la kushika.

Hapo kwenye diklofenaki sasa nakuomba unisikilize kama mama yako. Mama yangu mzazi alikua anameza hiyo hiyo kila siku kwa ajili ya magoti, mwaka wa pili akaanza kuchoka, akawa anahema akipanda ngazi tatu za barazani, pale alipopelekwa wakamtazama kwa macho wakasema bibi ni uzee tu apumzike. Mi nilikua kazini mkoa mwingine. Niliporudi likizo nikamvuta kope ya chini ya jicho nikakuta nyeupe kama karatasi, kupima wingi wa damu ni 6, chache mno. Muda wote huo choo chake kilikua cheusi kama lami na alikua anaona aibu kusema, kumbe tumbo lilikua linavuja damu taratibu kwa sababu ya vile vidonge. Aliongezewa damu, akatibiwa vidonda, akaishi miaka 9 mingine. Diklofenaki na ndugu zake inaumiza tumbo, inapandisha presha, inachosha figo, na kwa mzee haya yote yanakuja kimya kimya. Kwaiyo mama apimwe presha, wingi wa damu na figo wiki hii, umuulize na rangi ya choo bila kuzunguka. Kwa maumivu aanze na dawa ya kuchua na paracetamol kwa kipimo, ya kumeza kali iwe ya siku chache na aandike daktari anayejua presha yake. Kama ni mnene, hata kilo 5 zikipungua magoti yanajua.

MAYAI NA NYAMA

Shangazi, ni kweli mtu akivuka miaka 60 aache mayai na nyama ale uji na mboga tu? Msomaji wa Kigoma.

Hapana, na hii imani inawakondesha wazee wengi. Mzee anahitaji protini zaidi kuliko kijana, wataalamu wanashauri kama gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani bibi wa kilo 55 anatakiwa apate gramu 55 hadi 66. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa kama 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Sasa piga hesabu ya chai ya rangi na mkate asubuhi, uji mchana na ugali na mchuzi usiku, haifiki hata nusu. Wewe upo Kigoma bwana, dagaa hao hapo, wasage unga umwagie kwenye uji au kwenye mlenda, hata asiye na meno anakula. Yai moja kwa siku halina shida kwa wengi. Mwenye figo mbovu ndo aulize kwanza. Kinachotakiwa kupunguzwa ni chumvi, Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, hicho ni kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote cha siku, pamoja na iliyomo kwenye mkate na samaki wa chumvi.

NAAMKA MARA TANO USIKU

Hujambo mwanangu. Mimi ni fundi seremala mstaafu hapa Tanga, umri miaka 76. Usiku naamka kukojoa mara nne hadi tano, mkojo unatoka kwa kukatika na nikimaliza nahisi bado upo. Mwezi uliopita niliteleza uani saa nane usiku nikaumia nyonga, hadi leo nachechemea. Kijana wangu anataka nikapime lakini nasikia hicho kipimo ni cha kumdhalilisha mtu mzima. Wenzangu kwenye bao wanasema ni uzee, wote wanaamka. Fundi wa Tanga.

Sijambo baba, shikamoo. Pole sana kwa kuanguka, na ntaanzia huko huko kwenye nyonga. Mwezi mzima na bado unachechemea, nenda ukapigwe eksirei hata kesho, mfupa wa nyonga wa mtu mzima unaweza kua na ufa na bado mtu anatembea, ukichelewa ufa unafunguka.

Sasa mkojo. Wenzako wa bao wanasema kweli kwamba wote wanaamka, ila wanaamka kwa sababu wengi wao tezi dume imetanuka na hakuna aliyeenda kuiangalia. Ile tezi ipo chini ya kibofu na njia ya mkojo inapita katikati yake, ikitanuka inabana njia kama mtu aliyekanyaga mpira wa maji, mkojo unatoka kwa kukatika, kibofu hakimaliziki, kinajaa tena mapema. Kutanuka huko sio kansa baba. Lakini kansa ya tezi dume nayo ipo, kwa wanaume wa Tanzania ndo kansa inayoongoza, na mwanzoni haina dalili au dalili zake zinafanana na hizi, ndo mana huwezi kukaa barazani ukaamua mwenyewe ni ipi.

Kuhusu kipimo, kwanza ukifika watachukua mkojo, watapima sukari (kukojoa sana usiku kunaweza kua kisukari, usishangae), utafanyiwa ultrasound tumboni, na damu ya mkononi kwa ajili ya kipimo kinaitwa PSA. Kikiwa juu usianze kuandika wosia, hata maambukizi au kutanuka kwenyewe kunakipandisha, daktari atajua pa kuendelea. Kile cha kidole kupitia njia ya haja kubwa kinachowaogopesha, daktari akiona kinahitajika ni sekunde chache, mlango umefungwa, glavu na mafuta. Nimesimama pembeni ya wanaume wengi sana wa rika lako wakifanyiwa, mashehe, wachungaji, wanajeshi wastaafu, wakaamka wakavaa wakaenda nyumbani na heshima yao. Niliowaona wakiteseka kweli ni wale walioletwa mkojo umegoma kabisa, kibofu kimejaa mpaka kitovuni, mzee analia mbele ya wakwe zake. Nisingependa ufike huko.

Dawa zipo. Kuna tamsulosini inayolegeza njia, watu wengi wanaona nafuu ndani ya siku chache, ila inaweza kukupa kizunguzungu ukisimama ghafla, meza baada ya kula. Kuna finasteraidi inayopunguza tezi yenyewe, hiyo inataka subira ya miezi. Ikishindikana kuna upasuaji unaopitia njia ya mkojo bila kupasua tumbo. Lakini mkojo ukikataa kutoka kabisa, ukiona damu, au mgongo ukiuma na miguu kufa ganzi, usisubiri asubuhi.

Wakati unajipanga kwenda, fanya haya. Kama una dawa ya presha ya kukojoa imeze asubuhi, nimekuta wazee wengi wanaimeza usiku alafu wanailaumu tezi. Miguu ikivimba mchana ilaze juu ya stuli saa moja jioni, manake yale maji ukilala yanarudi juu yanakua mkojo. Chai na kahawa mwisho saa kumi, maji usipunguze, yanywe mchana. Usiku ukishtuka kaa kwanza ukingoni mwa kitanda dakika nzima, miguu chini, uchezeshe vidole, ndo usimame, presha ya mtu mzima inashuka akinyanyuka ghafla na hapo ndo wengi wanadondoka. Weka kopo lenye mfuniko chumbani uache kwenda uani gizani, hakuna aibu hapo. Tochi iwe chini ya mto. Na kijana wako akusugulie huo ukijani wa uani kwa brashi ya chuma, nina hakika umeteleza kwenye ukijani.

NIWANUNULIE NINI WAZAZI

Asalam aleykum Shangazi. Mimi nipo Muscat nafanya kazi, wazazi wapo Unguja, baba 72 mama 66, wote wana presha. Kila nikija nawaletea vitamini za wazee, kalsiamu, mafuta ya samaki, vidonge vya viungo, pesa nyingi inaisha hapo. Juzi baba kapata kiharusi kidogo na tumegundua alikua kaacha dawa ya presha miezi minne kwa sababu alijisikia mzima. Nilipokosea ni wapi? Bint wa Unguja.

Waaleykum salam mwanangu, pole kwa baba, Mungu amjaalie nafuu. Hujakosea kupenda. Ila hizo chupa haziwezi kumlinda na kiharusi na kile kidonge chake cha presha cha bei ndogo kilikua kinaweza, na nadhani alipoona chupa nzuri za Muscat zimejaa kabatini aliona zinatosha.

Presha haina dalili, mtu anaweza kua na 190 na akasema najisikia vizuri, kwaiyo kujisikia mzima sio kipimo. Safari hii lete mashine ya presha, ile ya kufunga juu ya mkono karibu na bega, ya kiwiko cha mkono chini hapa kama saa usinunue inadanganya mara nyingi. Mfundishe mama aisimamie: baba akojoe kwanza, akae kimya dakika 5 mgongo umeegemea, miguu isikunjwe nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, asiongee, kahawa na sigara nusu saa kabla hakuna. Wapime mara mbili, waandike kwenye daftari na tarehe, wewe wapigie video Ijumaa wakuonyeshe daftari. Ukiona inakaa 140 juu au 90 chini na kupanda, dawa haitoshi au hazinywewi, warudi kwa daktari. Na dawa ikiisha isisubiri safari yako, mwambie baba ile pensheni jamii ya Zanzibar anayopata kwa kua kavuka 70, iliyoanza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 na sasa ni 50,000 kwa mwezi, dawa ya presha itoke hapo kabla ya kitu kingine.

Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakipinda, hata ikiisha baada ya dakika 10, ni hospitali saa hiyo hiyo. Kiharusi kidogo namna hiyo kinaweza kutangulia kikubwa.

MACHO YANA UKUNGU

Babu yetu macho yamekua na ukungu mweupe, anawekewa maji ya majani fulani. Je atapona? Wajukuu, Same.

Hayo maji yaacheni leo, yanaweza kuchoma kioo cha jicho na hapo hakuna atakayerudisha. Ukungu mweupe katikati ya mboni kwa mzee mara nyingi ni mtoto wa jicho, upasuaji wake ni mfupi, anawekewa lenzi, wengi wanaona siku inayofuata bandeji ikitolewa. Kwenu huko KCMC Moshi wana idara ya macho, Dar kuna CCBRT. Ila waombeni wapime na presha ya macho, hiyo inakula uoni pembeni taratibu bila maumivu na ulichopoteza hakirudi, na inarithiwa, kwaiyo ninyi mliovuka 40 pimeni naye siku hiyo hiyo.

BIBI AMEBADILIKA, WATU WANAONGEA

Shikamoo Shangazi. Naandika kutoka kijijini mkoa wa Shinyanga. Bibi yangu ana miaka 80. Mwaka huu amekua anasahau, anapika mara mbili, anaita watu waliokufa, usiku anatoka nje anazunguka kwenye maboma ya watu. Juzi alikutwa kasimama kwenye uzio wa jirani saa tisa usiku na mtoto wa huyo jirani akaumwa kesho yake. Sasa watu wanaongea, na macho yake ni mekundu. Nina hofu sana. Mjukuu.

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma nikashindwa kulala, kwaiyo nimeijibu kwa simu siku ile ile, naiweka hapa kwa ajili ya wengine wenye bibi kama wako.

Anachoumwa bibi kinaonekana ni ugonjwa wa ubongo, ule wa kupoteza kumbukumbu, madaktari wanaita dimensia. Upo dunia nzima na hapa kwetu upo, wilaya ya Hai Kilimanjaro walipita nyumba kwa nyumba kuwapima wenye miaka 70 na zaidi, wakakuta asilimia 6.4 wanao, yaani karibu 6 kwa kila wazee 100. Kuzunguka usiku ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, ubongo unachanganya usiku na mchana, anatoka kutafuta nyumba aliyokulia au mtoto aliyemzaa miaka 50 iliyopita. Kuita waliokufa ni kwa sababu kumbukumbu za zamani zinabaki za karibuni zinafutika, kwake huyo mtu bado yupo hai. Na macho mekundu ni moshi. Amepikia kuni na mavi ya ng'ombe kwenye jiko lisilo na dirisha tangu akiwa msichana, macho gani yatabaki meupe? Kanda yenu bibi zetu wengi wameitwa wachawi kwa macho mekundu wakakatwa mapanga, kwa sababu ya moshi wa kupikia watoto chakula. Hilo mi siwezi kuliandika kwa upole.

Kwaiyo usalama kwanza. Usikae nalo peke yako, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, waambie wazi bibi anaumwa na watu wanamtaja vibaya, afisa ustawi wa jamii wa wilaya ajue, polisi wajue. Sheria ya uchawi ya nchi hii ni ya tangu 1928 na inamfanya mtu anayemtuhumu mwenzake uchawi kua mkosaji, viongozi wako wanalijua hilo ila wakumbushe. Mkiwa na ndugu mjini bibi ahamie kwake wakati mambo yanatulia. Kwa jirani mwenye mtoto nenda na mtu mzima anayeheshimika, mpe pole ya mtoto, mueleze ugonjwa wa bibi kwa utaratibu, mtu akielezwa mapema na kwa heshima mara nyingi moyo unarudi.

Alafu hospitali, na hapa ndo nataka usikubali "ni uzee tu" hata kidogo, manake vipo vitu vinafanana na dimensia na vinatibika. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo ikiwa mvivu, sonona, nta iliyoziba masikio mpaka hasikii anajibu visivyo. Na dawa, mwanangu. Angalieni anameza nini, wengi wanawapa wazee piritoni ili walale na piritoni kwa ubongo wa mzee inaleta kuchanganyikiwa kwelikweli. Nyingine ni hii, mzee akichanganyikiwa ghafla, jana alikua mzima leo hajui alipo, hiyo ni dharura, inaweza kua malaria, mkojo mchafu, nimonia, sukari kushuka au kukosa maji mwilini, na usitegemee homa kali, mzee anaweza kuumwa sana na mwili usipate joto.

Nyumbani msibishane naye. Akisema anamsubiri mama yake usimwambie mama yako alikufa zamani, kila ukimwambia anafiwa upya. Mwambie haya tumsubiri huku tunachambua maharage, mpe maharage ya kweli, mikono yake inakumbuka hata kichwa kikisahau. Mchana akae juani, atembee na mtu, akichoka mchana usiku analala. Mlango uwekwe komeo juu kabisa usawa ambao macho yake hayaendi, na lazima awepo mtu anayelala naye, asifungiwe peke yake, moto ukitokea hatatoka.

Na nilimwambia hivi kwenye simu, chukua khanga zake zote na gauni zake, kwenye pindo la ndani shona kitambaa kidogo cheupe chenye namba yako ya simu na ya mwenyekiti, uzi mweusi, namba kubwa. Jana kaniandikia kwamba ameshona khanga nne na kesho alfajiri wanapanda gari kwenda hospitali ya mkoa, yeye, bibi, na yule jirani mwenye mtoto, kaomba mwenyewe kuwasindikiza.